Kuondoa Jina Lako Kwenye Mkopo wa Nyumba Baada ya Kuachana

Mume na mke walikopa benki pamoja wakajenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye robo ekari karibu na soko la Ruiri. Mke ni mwalimu. Mume anafanya kazi katika shamba la maua upande wa Timau. Ndoa ilipovunjika, mke alichukua watoto akapanga nyumba mjini Meru, na wakakubaliana kwa mdomo kwamba mume atabaki na nyumba na kuendelea kulipa. Baada ya miezi minane simu ililia. "Mwalimu, mkopo wenu una miezi miwili haujalipwa." Alipoeleza kwamba yeye aliondoka zamani na nyumba si yake tena, afisa wa mikopo alimjibu kwa upole kwamba kwenye karatasi za benki hakuna mtu aliyeondoka.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo hili na haumhusu mkazi yeyote. Hata hivyo sheria inayomkabili mwalimu huyo ni ya kweli, na inamhusu kila aliyetia sahihi ya mkopo pamoja na mwenzake. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, mikopo ya nyumba ya benki nchi nzima ni kama 30,000 tu, lakini idadi hiyo haihesabu mikopo ya sacco na ile ya kawaida iliyowekewa shamba kama dhamana, ambayo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi zaidi mashambani.

Karatasi mbili, majina mawili

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni kudhani kwamba jina liko mahali pamoja. Liko mahali pawili. Kwanza liko kwenye hatimiliki, inayosema ardhi na nyumba ni ya nani. Pili liko kwenye mkataba wa mkopo, unaosema nani anadaiwa. Kuondolewa kwenye moja hakukuondoi kwenye nyingine.

Mtu anaweza kutia sahihi ya kumpa mwenzake sehemu yake ya nyumba, asibaki na hata tofali, na bado akadaiwa shilingi ya mwisho. Ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu hana tena mali ya kuuza ili kujiokoa. Kwa hiyo anayeondoka asitie sahihi ya kuhamisha sehemu yake ya ardhi kabla ya kupata kwa maandishi barua ya mkopeshaji inayosema ameachiliwa kutoka kwenye deni. Mambo hayo mawili yafanyike siku moja, mezani pa wakili, au barua ya benki itangulie.

Deni la watu wawili waliokopa kwa pamoja halihesabiwi nusu kwa nusu mbele ya mkopeshaji. Mikataba ya mikopo ya pamoja humfanya kila mmoja awajibike kwa deni lote. Benki inaweza kumfuata yule mwenye mshahara unaoonekana na kumwacha mwingine. Atakayelipa zaidi ya fungu lake atakuwa na haki ya kumdai mwenzake, lakini hilo ni shauri lao wawili.

Ulitia sahihi kama nani?

Kabla ya kwenda popote, mhusika achukue nakala ya mkataba na aangalie alitia sahihi kama nani. Sahihi zinafanana kwa macho, ila uzito wake ni tofauti.

Mkopaji-mwenza anadaiwa deni lote. Mdhamini hudaiwa mkopaji akishindwa. Mwenye ardhi aliyekubali ardhi yake iwekwe rehani kwa mkopo wa mwenzake anaweza kupoteza ardhi hiyo, lakini kwa kawaida hadaiwi mshahara wake kama hakutia pia sahihi ya udhamini. Kisha kuna mwenzi aliyetia sahihi ya idhini peke yake. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inataka mwenzi anayeishi katika nyumba ya ndoa atie sahihi kabla nyumba hiyo haijawekwa rehani, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini iwe ya maandishi na itolewe kwa kuelewa. Mwenzi aliyetoa idhini hakukopa. Wapo wanaoishi kwa hofu ya deni ambalo si lao kwa sababu tu wanakumbuka walitia sahihi "kwa benki", na wapo waliodhani walitoa idhini kumbe walikopa.

Hatua inayofuata ni upekuzi rasmi wa ardhi, ule watu wanaouita sachi, katika Ofisi ya Msajili wa Ardhi. Utaonyesha wamiliki ni nani, rehani ni ya nani, na kama kuna zuio lolote. Ikumbukwe kwamba usajili wa ardhi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti inahusika na upangaji wa maeneo na kodi ya ardhi, na cheti cha kutodaiwa kodi hiyo kitahitajika baadaye kwa ploti zinazotozwa.

Upekuzi huo uonyeshe pia aina ya umiliki, jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, inatambua njia mbili za watu wawili kumiliki ardhi moja. Katika ya kwanza hakuna mwenye fungu lake. Wote wawili wanamiliki kitu kizima, na mmoja akifa, ardhi inabaki kwa aliye hai. Haiingii kwenye mirathi, wala wosia hauwezi kuigusa. Tangu sheria hiyo ianze, umiliki mpya wa namna hii huruhusiwa kwa wanandoa tu, isipokuwa mahakama iruhusu vingine. Katika njia ya pili kila mmoja ana fungu lake, na fungu hilo huenda kwa warithi wake.

Waliotengana bila kugusa hatimiliki wafikirie maana yake. Mwalimu wa mfano wetu akifariki kesho, na hatimiliki yao ni ya aina ya kwanza, nyumba inabaki kwa mume, na watoto alioondoka nao hawarithi chochote humo kupitia kwake. Umiliki huo unaweza kubadilishwa kuwa wa mafungu kwa hati inayotiwa sahihi na wote wawili. Kwa kuwa nyumba iko kwenye rehani, mkopeshaji naye aulizwe. Mmoja akikataa kutia sahihi, linabaki suala la mahakama.

Benki inaangalia nini

Mkopeshaji hana wajibu wa kumwachilia mtu kwa sababu ndoa imekwisha. Alikopesha akitazama mishahara miwili; akimwachilia mmoja, dhamana yake imepungua. Kwa hiyo atakayebaki na nyumba lazima aombe upya, kana kwamba anakopa mara ya kwanza, na aonyeshe kwamba anaweza peke yake.

Turudi Ruiri. Mthamini aliyesajiliwa anasema nyumba ina thamani ya shilingi 5,000,000. Benki, ikiombwa, inatoa taarifa ya salio: 3,200,000. Kilicho chao ni 1,800,000. Wakigawana sawa, kila mmoja ana 900,000. Mume anataka kubaki, kwa hiyo anatakiwa kuchukua deni la 3,200,000 na kumlipa mke 900,000.

Akikopa vyote, ni 4,100,000. Kwa riba ya asilimia 9.5 na miaka 15, malipo ya kila mwezi ni kama 42,800. Mshahara wake ni 75,000. Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, yaani 50,000. Ushuru wa mapato, NSSF, bima ya afya na tozo ya nyumba vinamla kama 20,000. Nafasi iliyobaki ni 30,000 hivi. Ombi linakataliwa, na haki.

Hata deni la sasa peke yake, 3,200,000 kwa miaka 15, linahitaji kama 33,400 kwa mwezi. Bado halitoshi. Lakini likinyooshwa hadi miaka 20, malipo yanashuka hadi kama 29,800, na hapo anapita kwa kubanana, ikiwa umri wake unaruhusu mkopo kuisha kabla ya kustaafu na hana mkopo mwingine kwenye hati ya mshahara. Zile 900,000 za mke itabidi zitoke kwingine: ploti nyingine, akiba ya sacco, ng'ombe, au makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yaliyoandikwa na wakili na kuwekewa dhamana. Miaka 5 ya nyongeza ina gharama yake ya riba, na anayebaki aipige hesabu hiyo kabla hajasema kwamba nyumba haiuzwi.

Hesabu kama hii ifanywe mapema, kabla ya kikao cha wazee na kabla ya mawakili. Ugomvi mwingi wa nani abaki na nyumba hufika mwisho pale inapoonekana kwamba hakuna kati yao anayeweza kuilipia peke yake.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni hiyo ya mmoja kuchukua mkopo wote, kwa mkopeshaji yuleyule au kwa kuhamishia mkopo kwingine. Mkopeshaji mpya hulipa deni la zamani, rehani ya zamani huondolewa, jina la anayeondoka hutoka kwenye hatimiliki, na rehani mpya huandikwa kwa jina moja. Inafaa kuuliza riba kwa zaidi ya mkopeshaji mmoja. Tangu Kampuni ya Kenya ya Kufadhili Mikopo ya Nyumba, KMRC, ipewe leseni mwaka 2020, baadhi ya benki na sacco hupata fedha kwake kwa ajili ya mikopo ya nyumba yenye riba nafuu kuliko ya soko.

Ya pili ni kumleta mtu wa kuchukua nafasi ya anayeondoka, kama ndugu au mtoto mkubwa mwenye mshahara. Mkopeshaji akimkubali, mkataba mpya unaandikwa. Huyo anayeingia aelezwe ukweli wote, kwa sababu anaingia kwenye deni lilelile ambalo mwingine analikimbia. Na aulize kama ataingia kwenye hatimiliki pia, au atakuwa analipia nyumba ya mtu.

Ya tatu ni kuuza. Watu huikwepa kwa sababu ya uchungu, hasa nyumba ikiwa kwenye ardhi iliyotoka kwa ukoo. Kwa upande wa deni, hakuna njia iliyo safi kuliko hii. Benki inalipwa yote, inatoa hati ya kuondoa rehani, kinachobaki kinagawanywa, na hakuna jina linalobaki popote. Lazima benki ikubali kwa maandishi, kwani kwa kifungu cha 87 cha Sheria ya Ardhi, mkataba ukiwa unakataza kuuza bila idhini ya mkopeshaji, msajili hataandikisha uhamisho hadi aione idhini hiyo.

Yapo pia makubaliano ya kuacha majina yote mawili kwa muda, mmoja akae na alipe. Huenda yakafaa kwa mwaka mmoja au miwili, watoto wamalize shule ya karibu au bei ya ardhi ipande. Yaandikwe. Yaseme nani analipa, tarehe gani, nini kitatokea akikosa miezi miwili, na lini nyumba itauzwa au mkopo kuhamishwa. Yaseme pia kwamba anayekaa atamfidia mwenzake kwa chochote benki itakachomdai. Kati yao wawili maandishi hayo yana nguvu. Mkopeshaji hayamfungi.

Wazee na mahakama

Familia nyingi za Meru hulipeleka shauri kwa wazee wa ukoo, na likizidi, kwa Njuri Ncheke. Katiba, kifungu cha 159, inahimiza usuluhishi wa namna hiyo, na kwa mambo ya watoto, mifugo na heshima ya pande mbili mara nyingi wazee hufika haraka kuliko mahakama. Wanachoamua kuhusu nyumba kiandikwe na pande zote mbili zitie sahihi, kisha kipelekwe kwa wakili ageuze kuwa mkataba. Lakini wazee hawawezi kumwachilia mtu kutoka kwenye deni la benki, wala mahakama inayogawa mali ya wanandoa haiandiki upya mkataba wa mkopeshaji ambaye hakuwa kwenye kesi. Jaji anaweza kuamua nyumba ni ya nani na nani kati yao abebe deni. Benki bado itashika sahihi zake.

Ndoa ikivunjika kisheria, Mahakama Kuu hugawa mali ya ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mchango si fedha tu. Sheria ya 2013 inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Aliyepalilia viazi na kupika wakati mwenzake akilipa benki amechangia. Mali ikiwa kwa majina ya wote wawili, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba mafungu yao ni sawa, na anayepinga ndiye wa kuthibitisha. Hata hivyo Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Januari 27, 2023, ilisema usawa wa wanandoa ulio kwenye kifungu cha 45 cha Katiba hauna maana kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Katika kesi hiyohiyo mgawo wa nusu kwa nusu uliachwa usimame, kwa sababu ushahidi uliuunga mkono.

Kwa hiyo risiti ni muhimu. Ujumbe wa M-Pesa wa kulipa fundi, stakabadhi za mabati na saruji, taarifa za benki za miaka ya nyuma, vyote vihifadhiwe nje ya nyumba yenye mgogoro.

Madeni nayo yana sheria. Kifungu cha 10 kinasema deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hubebwa sawasawa. Mkopo uliojenga nyumba ya familia ni wa aina hiyo. Mkopo ambao mmoja aliongeza juu ya hatimiliki hiyohiyo kwa shughuli zake binafsi unaweza kuwa na hadithi nyingine, ndiyo sababu taarifa kamili ya mkopo iombwe, siyo salio peke yake.

Waliokaa pamoja bila ndoa, wale wa "come-we-stay", wako kwenye hali ngumu zaidi kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa haiwahusu hadi ndoa ithibitishwe. Siku hiyohiyo ya Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kuhusu mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka mingi huko Dagoretti, Nairobi. Ilikataa kuchukulia kwamba kulikuwa na ndoa. Bado haikumwacha mtu mikono mitupu: ilisema wote wawili walichangia nyumba hiyo, ikampa mwanamke asilimia 70 na mwanamume asilimia 30. Haki ipo, ila inathibitishwa kwa shilingi na ushahidi.

Karatasi za kuhamisha

Watu wakishakubaliana na mkopeshaji akaridhia, kazi inakuwa ya karatasi. Sehemu kubwa ya Ruiri ni ardhi ya kilimo, na uhamisho wa ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Likipitwa na muda, mkataba unakuwa batili. Wote wawili hutakiwa mbele ya bodi, kwa hiyo waliokosana kiasi cha kutokaa chumba kimoja wapange na wakili mapema.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Uhamisho kati ya wanandoa una msamaha, lakini hauji wenyewe. Huombwa kwa kuonyesha cheti cha ndoa na hati ya kiapo. Wakili aulizwe kama ni afadhali uhamisho ufanywe kabla ya talaka kukamilika, kwa maana msamaha umeandikiwa wanandoa. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, haitozwi kwa uhamisho kati ya wanandoa, wala kati ya waliokuwa wanandoa ikiwa ni sehemu ya makubaliano ya talaka au ya kutengana. Makubaliano yasiyo na maandishi hayatasaidia kitu mbele ya KRA. Waliokaa bila ndoa hawapati misamaha hiyo, na kwa nyumba ya milioni 5 tofauti inasikika.

Ukisubiri, nini kinatokea

Malipo yakikosekana mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kutoa notisi ya siku 90 ya kulipa. Zikipita, hutoa notisi ya siku 40 ya kuuza, na dalali naye hutoa yake ya siku 45. Nakala za notisi ya kuuza hutakiwa kumfikia pia mmiliki-mwenza, mdhamini na mwenzi aliyetoa idhini. Hufikishwa kwa anwani iliyo kwenye faili. Mwalimu aliyehamia Meru na kuacha sanduku la posta la Ruiri atapata habari ya mnada kwa jirani. Kwa hiyo siku ileile mtu anapohama, aiandikie benki barua ya kubadilisha anwani na simu, na aombe apelekewe taarifa ya mkopo kila mwezi. Benki haiwezi kumnyima mkopaji wake habari za deni lake.

Akiona malipo yameanza kukwama, asingoje. Alipe anachoweza huku akihifadhi risiti, au aombe mkopo upangwe upya. Mnada huleta bei ndogo. Sheria inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri iwezekanavyo, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba alikiuka wajibu huo hadi athibitishe vingine. Hiyo ni kinga, ila hutumika mahakamani, nyumba ikiwa imeshaingia mikononi mwa mwingine. Bei ya mnada isipofikia deni, waliokopa wote wawili wanadaiwa kilichobaki.

Kuna pia suala la CRB. Mkopo wa pamoja usiolipwa huandikwa kwa majina ya wote, na rekodi hiyo inaweza kukaa miaka 5. Benki hutakiwa kumjulisha mteja siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka; aliyetoka kwenye ndoa yenye mkopo aiombe, na aiombe tena baada ya jina lake kuondolewa, ahakikishe limeondoka kweli.

Mkopo wa sacco na ardhi isiyo na hatimiliki

Kwenye sacco mambo hugeuka kidogo. Mara nyingi mkopaji ni mmoja, na mwenzake ni mdhamini kwa akiba yake. Mdhamini hawezi kujitoa kwa barua tu; akiba yake hufungwa hadi deni lipungue au apatikane mdhamini mwingine ambaye sacco imemkubali. Ombi la kubadilishwa lipelekwe kwa maandishi na nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mgogoro kati ya mwanachama na sacco husikizwa na Mahakama Maalum ya Vyama vya Ushirika.

Baadhi ya mashamba ya Ruiri na Rwarera bado yako kwenye mpango wa uhakiki, na wenyewe wana namba tu. Ardhi ya namna hiyo haiwezi kusajiliwa rehani, kwa hiyo mkopo uliojengea nyumba huko umesimama juu ya akiba, wadhamini au hati ya mshahara. Hapo deni na ardhi vimeachana kabisa. Anayedai sehemu yake ya ardhi ahakikishe jina lake limo kwenye rejesta ya uhakiki; rejesta ikishatangazwa, muda wa kupinga ni siku 60.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au wa mashirika kama FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria. Abebe mkataba wa mkopo, matokeo ya upekuzi wa ardhi, taarifa ya benki ya miezi 12, cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa ya kimila, na makubaliano yoyote yaliyoandikwa, hata kama ni karatasi moja ya daftari yenye sahihi za wazee.